Kuunyoosha Wimbo wa Marehemu

Wanafunzi wangu husema nina mdomo mbaya, na hawajakosea. Nafundisha gitaa Busia, upande wetu wa Kenya, katika chumba kilicho nyuma ya duka la mabati, na chumba hicho kimeona machozi mengi ya watu wazima kuliko ofisi ya chifu. Wazazi wakiniletea watoto wa kupigia kwaya, nawaambia mapema kwamba kwangu hakuna peremende. Mtoto akipiga kama mtu anayefukuza kuku shambani, namwambia hivyo hivyo, mbele ya wenzake, kwa sababu siku atakayosimama kanisani hakuna atakayemwonea huruma. Watu watacheka tu, na kicheko cha kanisani kinauma kuliko changu.

Tena kwangu hakuna anayegusa gitaa kabla ya kupita kwenye chupa. Njia hiyo sikuibuni mimi. Gitaa la kwetu la vidole viwili, gumba likishika besi na cha shahada kikiimba juu, tangu zamani lilikwenda na mtu wa pembeni mwenye chupa ya soda yenye mbavu na msumari mkononi. Anaikwaruza, anaigonga, na kazi yake ni moja tu, kwamba mdundo usianguke. Mjomba wangu aliyenifundisha kule Namboboto alinikalisha kwenye chupa mpaka nikawa naisikia usingizini. Watu walimwambia anapoteza wakati na mtoto wa kike, akawajibu kwamba chupa haijui mke wala mume, kisha akanigonga vidole kwa msumari ule ule kwa sababu niliacha kupiga ili nisikilize jibu lake. Nilimchukia sana mzee yule, na nikajua kupiga. Sijawahi kuona sababu ya kubadilisha dawa iliyoniponya.

Mwanafunzi ninayemkumbuka leo alikuja siku ya soko, mtu mzima mwenye kitambi, simu mbili mkononi na gitaa jipya ndani ya mkoba mweusi. Kazi yake ilikuwa kushughulikia karatasi za malori ya mizigo pale mpakani Malaba, na madereva walimwita boss. Aliingia akitafuta kiti kikubwa. Nikamwonyesha kigoda cha wanaoanza. Akakikalia, magoti yakamfika kifuani, na watoto wa kwaya wakauma midomo wasicheke.

Alinieleza shida yake bila kuzunguka. Mama yake alikuwa mgonjwa nyumbani Amagoro. Hospitali ilikuwa imemrudisha akauguzwe na binti yake, na kila mtu alijua maana ya kurudishwa namna ile. Mama huyo alikuwa na ombi moja. Mume wake, aliyefariki zamani, alikuwa mpiga gitaa wa sifa kule kwao, na alikuwa na wimbo wake mwenyewe ambao hakuwahi kuurekodi popote. Waliopiga naye walikuwa wote wameshazikwa. Aliyebaki anaukumbuka ni mwanawe huyu tu, kwa kuwa utotoni alikuwa akikaa miguuni pa baba yake akisikiliza, na mama alitaka kuusikia tena kabla hajaondoka duniani.

"Madam, mimi sitaki mambo mingi," aliniambia. "Nataka hiyo wimbo moja tu. Nimpigie mama, asikie, basi."

Nilimwambia hakuna kitu kinachoitwa wimbo mmoja tu. Anayejua kupiga anajua, na asiyejua hata mmoja utamshinda. Gitaa lake jipya nikaliegemeza ukutani, nikampa chupa na msumari. Alinitazama kama mtu aliyeagiza nyama akaletewa mchuzi. Lakini alikuwa na shida, na mwenye shida hachagui, kwa hiyo akaanza kugonga.

Wimbo wenyewe aliuimba kwa pua, bila maneno, nami nikaudaka kwenye gitaa siku ile ile. Ulikuwa mtamu, lazima niseme. Mistari minne mifupi, wa mwisho ukirudi nyumbani polepole kwa besi. Niliona wivu kidogo, kwa sababu mimi nimepiga miaka yote hii na sijatunga kitu kinachokaa kichwani namna ile. Tatizo lilikuwa yeye. Kila alipofika mwisho wa mstari alisimama. Mara kidogo, mara kwa muda mrefu, mara kidogo tena, halafu akaendelea na mstari unaofuata akiwa ametulia kabisa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi na chupa yangu tulikuwa tumeshafika mbele, yeye bado yuko nyuma anatazama dari.

Nilimuuliza kwa nini anasimama. Akasema hajui, ndivyo inavyokuja. Nikamwambia inakuja vibaya. Nikamuuliza kama baba yake naye alikuwa akisimama hapo, na swali hilo lilimuudhi. Akasema mzee alikuwa fundi, watu walikuwa wanatoka Tororo ng'ambo kuja kumsikia, mtu kama huyo hawezi kuchechemea. Basi, nikamwambia, mchechemeaji ni wewe, na uchechemeaji unatibika.

Nilianza kumtibu. Alipiga chupa, mimi nikapiga wimbo, na kila alipotaka kusimama nilipaza sauti. Baadaye nilimruhusu kushika gitaa, nikashika chupa mimi, nikaigonga karibu na sikio lake. Akisimama, siachi. Nagonga mpaka aone aibu aendelee. Nilimwambia anasimama kama trela kwenye foleni ya Malaba. Wewe si ndiye unayepitisha malori, nikamwambia, basi jipitishe na wewe. Watoto wa kwaya walicheka, na mwanzoni yeye pia alicheka, kwa sababu ni mtu aliyezoea utani wa madereva. Kisha akaacha kucheka. Aliinamisha kichwa akafanya kazi, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu, ingawa sikumwonyesha.

Samaki mkunje angali mbichi, na huyu alikuwa amekauka zamani. Nilimpa mazoezi ya kufanya kila mahali. Alitembea na chupa kwenye gari. Akiwa anasubiri mhuri aliigonga chini ya meza, na madereva wa Kiganda wakaanza kumwita ssebo wa chupa, yaani bwana wa chupa. Nilimfundisha kuhesabu kimoyomoyo, moja mbili tatu nne, akipiga, akila, akitembea, na mwisho wa mstari asipumue mpaka mstari unaofuata uwe umeanza. Nilimwambia mtu akisimama katikati ya wimbo ni kama amejikwaa mbele ya jeneza, watu hawaoni tena jeneza, wanamwona yeye.

Wakati huo mama alikuwa anazidi kudhoofika. Binti yake, dada wa mwanafunzi wangu, alinipigia simu. Alizungumza kwa adabu. Aliniomba nimruhusu kaka yake aende akapige hivyo hivyo alivyo, kwa kuwa mama hajali kama amekosea, anataka kusikia tu. Nilimjibu kwamba mgonjwa hapelekewi uji mbichi. Akasema labda mimi sina mama. Nilikata simu. Mwanafunzi wangu alipokuja siku iliyofuata nilimwambia aamue: anataka kumpigia mama yake wimbo wa baba yake, au anataka kumpelekea kelele zake mwenyewe. Akafikiri, akakaa kwenye kigoda. Aliamua mwenyewe, sikumshika shati.

Siku wimbo ulipokubali, ulikubali ghafla. Mvua ilikuwa imenyesha, watoto hawakuja, tulikuwa wawili tu. Alianza, nikagonga chupa, mstari wa kwanza ukaisha na wa pili ukaanza bila mshono. Wa tatu ukaja. Besi ikashuka taratibu mpaka nyumbani. Nilisema rudia, akarudia, na nikaweka chupa chini nikamwacha peke yake, na bado haukuanguka. Aliponyanyua uso alikuwa analia bila haya. Mimi huwa sisifu watu, lakini nilimwambia sasa umepiga. Nilifurahi kuliko yeye. Nilijiona kama mimi ndiye niliyemzaa, na kama baba yake angefufuka ningemwambia mtazame mwanao, ulimwacha anachechemea, mimi nimemnyoosha.

Aliniomba twende pamoja Amagoro ili nimshikie mdundo. Tulifika baada ya chakula cha mchana. Mama alikuwa amelazwa sebuleni kwenye kitanda kilichosogezwa karibu na dirisha, akiwa mdogo sana ndani ya blanketi, lakini macho yake yalikuwa mazima. Aliniuliza mimi ni wa wapi. Nilipomwambia Namboboto, kwetu Samia, akasema, "Wasamia najua ni watu ya samaki. Gitaa mlijulia wapi?" Nikacheka. Nilimpenda papo hapo, kwa sababu nilitambua mdomo kama wangu. Binti yake hakunisalimia vizuri, na sikumlaumu.

Mwanawe alikaa kwenye kiti karibu na kitanda, nami nikakaa nyuma yake na chupa. Alipopiga sauti za kwanza, mama alifumba macho na uso wake ukalegea. Nilijua wimbo umemfikia. Mwisho wa mstari wa kwanza mkono wake ulitoka ndani ya blanketi. Ulinyanyuka polepole, vidole viwili vikiwa vimebanana kama vimeshika kitu chembamba, ukaelekea upande wa mwanawe. Lakini yeye alikuwa ameshaingia mstari wa pili, sawasawa kabisa, kama nilivyomfundisha. Mkono ukabaki hewani. Nilidhani anafuatisha mdundo. Mwisho wa mstari wa pili ukanyanyuka tena, kwa haraka zaidi, na tena ukachelewa. Wa tatu ulipoisha haukunyanyuka. Alikuwa ameshafumbua macho, anatazama dari.

Wimbo uliisha vizuri sana. Nimesikia wapiga gitaa wakubwa wakimaliza vibaya kuliko vile.

"Hiyo ni wimbo gani?" mama aliuliza.

Mwanawe alimwita toto, yaani mama kwa Kiteso, akamwambia ni ule wa papa, ule aliouomba. Mama akasema hapana. Mwanawe akauimba kwa pua, kumkumbusha. Mama akamkatiza akasema sauti anazijua, hakuna haja ya kumwimbia, lakini wimbo huo si wa mume wake. Kisha akamuuliza kama anakumbuka baba yake alikuwa akipigia wapi.

Alikuwa anakumbuka. Wateso wana pombe yao ya wimbi inayoitwa ajon, inakaa kwenye chungu katikati ya watu, inamiminiwa maji ya moto, na kila mtu anaivuta kutoka mahali alipoketi kwa mrija mrefu. Mimi ni mtu wa kanisa la Anglikana kutoka nyumba ya kanisa, na sijawahi kukaa kwenye chungu hicho hata siku moja. Mume wake alikuwa akipiga hapo, kwenye duara la wanywaji. Nilikuwa nalijua hilo kwa kuambiwa, na halikuwa limenieleza chochote.

"Baba yako alikuwa na mikono mbili," mama alisema, "na zote zilikuwa kwa gitaa. Sasa nani alikuwa anamshikia mrija?"

Mwanawe alisema kwa sauti ya chini kwamba ni mama mwenyewe.

Hapo mama akaeleza yote, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alikuwa akikaa chini kando ya mume wake, na kila mstari ulipoisha alimwekea mrija mdomoni. Mume alivuta, akameza, akaendelea. Pombe ikiwa tamu alivuta sana, ikiwa imechacha alivuta kidogo. Watu waliungoja wimbo, hakuna aliyekasirika. Wakati mwingine alivuta huku anamtazama yeye, na hapo wimbo ulikaa sana kabla ya kurudi, na wanywaji wakaguna. Miaka yote ya ndoa yao hakuna mahali pengine alipotazamwa namna ile mbele ya watu.

"Sasa wewe umepita moja kwa moja," alimwambia mwanawe. "Mimi nitaingia wapi?"

Nilikasirika. Sitasema uongo kwamba nilisikitika kwanza, maana kilichonijia kwanza ni hasira, na ilikuwa kwa yule marehemu. Fundi gani anayeukata wimbo ili anywe, kisha anamwachia mtoto ugonjwa huo na sifa za kuuficha? Maneno yakanitoka kabla sijayameza. Nilimwambia mama kwamba huo haukuwa muziki, ulikuwa ulevi.

"Ilikuwa ndoa yangu, mwalimu," alinijibu. Hakupandisha sauti.

Mwanawe aligeuka kwenye kiti akanitazama. Mtu huyu nilikuwa nimemwita trela, nimemfanya kichekesho mbele ya watoto, nimemgongea msumari sikioni, na hakuwahi kunitazama vile. "Madam, ilikuwa kwangu," alisema. "Hiyo kitu yenye ulikuwa unanitoa, ndiyo ilikuwa hiyo. Nirudishie."

Nilimwambia apige tena asimame. Ni rahisi, nikasema, simama tu kama ulivyokuwa ukisimama. Akapiga mstari wa kwanza akasimama. Mama akanyanyua mkono, na kabla haujafika nusu ya safari mwanawe alikuwa ameshaingia wa pili, kwenye moja ya hesabu yake, sawasawa. Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Nilimwambia asihesabu. Mimi, niliyemwambia ahesabu hata akila. Akajaribu tena, akasimama kwa muda mrefu zaidi, akaingia tena kwenye moja. Alikuwa amesimama mapigo manane badala ya manne, na kila mtu mle ndani aliweza kuyasikia yakipita.

Binti alitoka nje bila kuagizwa akarudi na mrija mkavu wa zamani, uliokuwa umechomekwa chini ya paa la jiko. Alimpa mama yake. Mama aliushika kwa vidole viwili vile vile, akangoja, na mstari ulipoisha akausogeza kuelekea mdomo wa mwanawe. Mkono haukuwa na nguvu na mrija ukamgonga shavuni. Akageuza uso kuufuata kwa mdomo. Macho yalikuwa kwenye mrija, uso ulikuwa kwenye mrija, lakini vidole vyake havikumngoja. Vilikuwa vimeshaanza mstari wa pili.

"Acha," mama alimwambia. "Unahesabu."

Akamwomba binti amgeuze upande wa ukuta. Hakuna aliyenipa chai, nikatoka nikarudi Busia peke yangu.

Wako watakaosema nilimharibu. Mimi nasema mdundo ni mdundo, na angekuja leo mwingine anayesimama mwisho wa mstari ningempa chupa vile vile, kwa sababu katika kila mia wanaosimama, wote mia hawajui kupiga. Lakini mwanafunzi wangu alipokuja tena kwangu baada ya siku kadhaa sikumfukuza. Alisema mama bado anauliza kama ameupata. Tukaanza kutafuta. Nilimwambia apige huku anaongea na mimi. Nilimwambia amtazame paka mlangoni na aendelee pale tu paka atakapotikisa mkia. Nilizima chupa, nikazima mguu wangu, nikatoka nje nikamwacha, nikasikiliza kupitia mabati. Nilimkatiza kwa maswali, nilimpa maji anywe mwisho wa mstari. Aliyameza kwa mapigo manne. Katika maisha yangu nimefundisha watu wengi kuacha kukosea, na sikuwa nimejifunza popote jinsi ya kumfundisha mtu kukosea kwa haki. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa nalijua neno hilo tangu shule ya msingi na halikunisaidia kitu.

Alikuja kila siku aliyoweza kutoka Malaba. Alikonda. Watoto wa kwaya walikuwa wameanza kumwogopa, si mimi tena waliyemwogopa, kwa sababu alikuwa hasemi na mtu, anapiga tu mistari ile minne tangu anapoingia mpaka anapotoka. Na kila siku aliipiga vizuri zaidi.

Siku ya mwisho alikuwa ameweka simu zake juu ya kiti mbele yetu. Alikuwa kwenye mstari wa kwanza simu moja ilipoanza kutetemeka, jina la dada yake likawaka. Dada yake hakuwa mtu wa kupiga simu mchana, alikuwa akituma ujumbe. Tuliliona wote wawili, na tulijua wote wawili. Alilitazama jina lile, macho yakamjaa, mstari ukaisha, na mikono ikaingia wa pili. Simu ikakatika ikaita tena. Nilimwambia simama, nikamshika bega, nikasema simama sasa, na alikuwa ananisikia, kwa sababu alikuwa anatikisa kichwa. Aliupitisha wa tatu. Aliushusha wa nne mpaka nyumbani kwa besi, taratibu, sawasawa kabisa, ndipo mikono ikaachia nyuzi akaipokea simu.